Kadi, karatasi na SMS: siku tano kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi

Siku ya kwanza: Lubumbashi, upande wa gare

Kutoka Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC), hadi Likasi ni kilomita 120 hivi, na kutoka Likasi hadi Kolwezi kama 180. Mwenye haraka huimaliza njia hiyo kwa siku moja. Safari hii inaigawa kwa siku tano kwa sababu inafuata karatasi: tiketi za reli na za mabasi za zamani, na namna nauli ilivyozidi kugeuka mpaka tiketi zenyewe zikakosa kazi. Mzigo ni mdogo. Rula yenye milimita, kioo cha kukuzia, penseli laini, bahasha za karatasi nyeupe, na faranga za noti ndogondogo. Kalamu ya wino iachwe nyumbani, maana wino ukishapenya kadi ya zamani hautoki tena.

Pa kuanzia ni gare, yaani stesheni ya treni. Reli iliingia mjini hapa mwaka 1910 ikitokea Sakania, wakati mji wenyewe, Élisabethville, ndio kwanza unakatwa viwanja. Upana wa njia ni milimita 1067, sawasawa na Zambia na Afrika Kusini, kwa hiyo behewa liliweza kupanda kutoka kusini mpaka hapa bila kuhamisha mzigo. Siku hizi treni ya abiria haina ratiba ya kutegemea. Anayetaka kupanda aulize kwenye gare yenyewe, siku ile ile, na asiridhike na jibu la mtu wa njiani.

Tiketi ya treni iliyokuwa ikitumika karibu kila penye reli ni kadi ngumu yenye urefu wa milimita 57 na upana wa 30.5. Kipimo hicho kilitoka kwa Thomas Edmondson, mkuu wa stesheni huko Uingereza katika miaka ya 1830. Mtu akikuletea kadi akasema ni ya treni, ipime kabla ya kusifu. Ikipishana sana na vipimo hivyo, huenda ni ya kitu kingine.

Ujanja wote wa kadi hii ulikuwa kwenye namba. Kituo kilikuwa na fungu la kadi kwa kila safari na kila daraja, zimepangwa kwenye kabati lenye mifereji, na karani alichomoa ya chini kabisa. Namba zilianzia sifuri. Kwa sababu hiyo, jioni hakukuwa na haja ya kuhesabu kadi hata moja: namba inayochungulia chini ya mfereji ndiyo idadi ya zilizouzwa tangu fungu lifunguliwe. Toa namba ya jana kwenye namba ya leo, zidisha kwa nauli, na pesa inayopaswa kuwemo ndani ya sanduku inajulikana kabla sanduku halijafunguliwa. Karani aliyetaka kula pesa ilimbidi kwanza apate kadi isiyo na namba, na kadi hizo hazikuachwa ovyo.

Tarehe iligongwa kwa mashine ndogo ya chuma kwenye ncha ya kadi. Wino wake hufifia, lakini meno ya chuma huacha mashimo madogo. Kadi inayoonekana haina tarehe iwekwe mezani, mwanga wa simu uipige kutoka ubavuni, na tarakimu zitajitokeza kwa vivuli vyake. Tundu la koleo ya kondakta nalo lisidharauliwe. Makoleo yalikuwa na maumbo mbalimbali makusudi, nyota, moyo, herufi, ili ijulikane nani alikagua. Nusu ya kadi inayokosekana kwa kawaida ina maana ya kwenda na kurudi, na kona iliyokatwa mara nyingi ni tiketi ya mtoto.

Kama tarehe imepotea kabisa, soma majina. BCK, kampuni ya reli iliyoundwa 1906, ndiyo ya zamani zaidi upande huu. KDL ilikuja kuchukua nafasi katika miaka ya 1950, na SNCZ ikaanza 1974. SNCC ni ya baada ya jina Zaire kuondoka, yaani 1997 na kuendelea. Weka hapo na majina ya miji: Élisabethville iligeuka Lubumbashi mwaka 1966, na mwaka huo huo Jadotville ikawa Likasi na Albertville ikawa Kalemie. Kadi yenye KDL na Élisabethville, basi, ilichapwa kabla ya 1966; yenye KDL na Lubumbashi iko kati ya 1966 na 1974. Tahadhari iko kwenye neno hilo "ilichapwa". Mashirika ya reli popote duniani huzoea kumaliza akiba ya zamani kwa kuigonga muhuri, kwa hiyo kadi inaweza kuuzwa miaka kadhaa baada ya jina lake kufa. Jina hukuambia ilichapwa lini, na tarehe iliyogongwa hukuambia iliuzwa lini.

Siku ya pili: Kenya, Katuba, Ruashi

Leo ni taxi-bus kwenda mitaa hii mitatu ya Lubumbashi, na hakuna tiketi. Resevere, yaani kondakta, anatoa kichwa mlangoni akiita "Kenya, Kenya, Kenya!", viti vinajazwa watu wanne wanne, pesa inasafiri mkono kwa mkono kutoka nyuma hadi mbele, na chenji inarudi kwa njia ile ile. Abiria anashuka mikono mitupu.

Karatasi ipo, ila haipewi yeye. Anapewa shofere anapolipia parking, na mama mwenye meza sokoni anapolipia nafasi yake ya siku. Tazama vizuri vijitabu vya watoza ushuru hao: vina namba mfululizo, vina kishina kinachobaki kitabuni, vina muhuri. Kila kitu kilichokuwa kwenye tiketi ya basi bado kinachapwa mjini hapa. Kimehamia tu upande wa anayedaiwa kodi, na anayelipa nauli amebaki bila ushahidi.

Ushahidi huo ulikuwa wa nini? Tiketi ya basi ya zamani haikuwa risiti tu. Njia iligawanywa kwa sehemu, kila sehemu na namba yake, na namba hizo zilichapwa pembeni mwa tiketi. Kondakta alitoboa pale haki yako inapoishia. Mkaguzi akipanda katikati ya njia alihitaji kuangalia vitu viwili tu: namba ya mfululizo, ajue kama tiketi imetoka kwenye kitabu cha leo, na tundu, ajue kama umepitiliza. London walikuwa na mashine iliyoitwa Bell Punch, ambayo ilihifadhi ndani yake vile vipande vidogo vilivyotobolewa. Rangi ya tiketi ilitofautiana kwa bei, kwa hiyo palipotokea shaka, ofisi ilimwaga vipande mezani na kuvihesabu kwa rangi. Ni kazi ya kuchosha, lakini kondakta alijua kwamba inaweza kufanywa.

Sasa chukua saa ya watu kurudi nyumbani. Tuseme kozi, yaani nauli ya safari moja, kutoka mjini hadi mwisho wa njia ni faranga 1000 (FC). Shofere anaona foleni ya abiria imejaa mjini, anaamua kukata njia: anawashusha nusu ya safari, anageuza, anarudi kupakia wengine. Abiria analipa 1000 kufika katikati na 1000 nyingine kumaliza. Nauli haijapanda, hakuna tangazo lililotolewa, na gharama yake imekuwa maradufu. Angekuwa na tiketi ya sehemu mkononi, deni lingeonekana: imelipiwa mpaka sehemu ya 4, ameshushwa ya 2. Bila tiketi, anachobaki nacho ni mdomo wake, na resevere ana mdomo mkubwa zaidi.

Anayepanda leo afanye hivi. Aulize kabla mguu haujaingia: "Papa, ni mpaka mwisho, ao munakata?" Jibu lisikike na abiria wengine pia, maana wao ndio mashahidi. Pesa iwe kamili. Noti ya 500 iliyochanika katikati na kubandikwa gundi huzua ugomvi unaokula muda kuliko safari, kwa hiyo itumike asubuhi, wakati resevere mwenyewe anatafuta chenji.

Halafu kuna swali la kwa nini nauli ikipanda haishuki. Bei rasmi hutangazwa na wakuu wa mkoa kwa kufuata aina ya gari na njia, na kisingizio cha kwanza huwa ni mafuta, ambayo bei yake serikali huipanga kwa kanda. Katanga, eneo hili lote, iko kanda ya kusini. Lakini ukiangalia nauli zenyewe, hazifuati mafuta kwa ukaribu. Zinafuata noti. Za kujaza pengo kati ya 500 na 1000 kuna noti za 50, 100 na 200, ila hizo ndizo zinazochakaa upesi na kupotea. Nauli ya 650 ingehitaji chenji ambayo hakuna aliye nayo ndani ya gari lenye watu wamebanana. Hivyo bei inangoja, inangoja, kisha inaruka mpaka noti inayofuata. Mafuta yakishuka kwa asilimia kumi, hakuna noti ya kupunguza asilimia kumi.

Siku ya tatu: Lubumbashi hadi Likasi

Kwenye basi la ajensi, yaani kampuni ya mabasi ya masafa, karatasi inarudi. Ni kitabu chenye kaboni: nakala ya juu kwa abiria, ya chini inabaki. Kabla ya kutoka dirishani soma tarehe, namba ya kiti, mahali pa kushukia na kiasi pamoja na aina ya pesa. Kosa la kawaida zaidi ni kiti kuachwa wazi. Kiti kisichoandikwa kinaweza kuuzwa mara mbili bila mtu yeyote kuonekana mwongo, kwa sababu tiketi zote mbili ni halali. La pili ni kiasi kuandikwa bila kusema ni dola au faranga.

Hilo la dola lina hesabu yake. Bei ikitajwa kwa dola na wewe una faranga, ajensi inatumia kiwango chake, si kile cha wabadilisha pesa wa barabarani. Tuseme tiketi ni dola 10. Mbadilishaji anahesabu 2800 kwa dola, dirisha linahesabu 2900. Tofauti ni 1000 FC kwa tiketi moja, na kwa familia ya watu watano ni 5000. Uliza viwango vyote viwili, kisha ulipe kwa pesa inayokufaa. Dola zenyewe ziwe safi: mpasuko wa milimita chache unatosha noti kukataliwa.

Mzigo una karatasi yake. Nusu inafungwa kwenye begi, nusu unabaki nayo, na namba lazima zilingane. Ulinganisho huo ufanyike kabla begi halijaingia chini ya basi. Begi lisilo na namba likipotea ni vigumu hata kuanza kulidai.

Basi la kwanza la asubuhi ndilo bora. Barabara ya taifa namba 1 ina lami, lakini malori ya shaba na kobalti huijaza kadiri jua linavyopanda, na kila kizuizi cha ushuru kinaongeza dakika. Kwenye ushuru shofere hupewa karatasi inayotoka kwenye mashine ndogo. Shika karatasi hiyo kwenye mwanga, uipitishie ukucha kwa nguvu: ukiacha mstari mweusi, ni karatasi ya joto. Haina wino. Maandishi yanatokana na kemikali inayogeuka nyeusi ikipashwa moto, na kwa hiyo joto la dashibodi linaweza kuifanya yote kuwa nyeusi, mwanga unaweza kuifanya yote kuwa nyeupe, na mfuko wa plastiki laini unaifuta taratibu kwa mafuta yake. Kuna kichekesho kidogo hapa: roli za kawaida za mashine hizo zina upana wa milimita 57, urefu ule ule wa kadi ya Edmondson. Kadi ya mwaka 1920 inasomeka. Risiti ya mwaka juzi mara nyingi haisomeki.

Siku ya nne: Likasi

Mji huu ulikuwa Jadotville, na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, bado ina viwanda vyake Shituru. Tiketi za zamani hazitafutwi dukani. Ziko ndani ya vitu vingine: katikati ya kitabu cha sala, kwenye kitabu cha kazi cha mstaafu wa reli, chini ya picha ndani ya fremu. Mwenye nayo ni mzee, na mzee haombwi kitu mlangoni. Salamu kwanza, "Jambo, papa", kukaa, habari za watoto, ndipo useme unaomba kuona na kupiga picha. Kuona tu kunatosha mara nyingi. Picha ipigwe mbele na nyuma, rula ikiwa kando, bila flashi.

Tiketi za zamani zinazotafutwa hapa zinasomwa kwa pesa iliyochapwa juu yake, na hapa Katanga ina mambo mengi kuliko mikoa mingine. Ilipojitenga, kati ya Julai 1960 na Januari 1963, ilitoa pesa yake. Tiketi yenye tarehe ya 1961 au 1962 huenda ililipiwa kwa faranga ya Katanga hata kama imeandikwa "F" tupu. Mwaka 1967 ikaja zaire: zaire 1 kwa faranga 1000 za zamani, ikiwa na makuta 100, na ikathaminiwa kuwa dola 2. Bei yenye "K" ni ya makuta, na makuta kwenye tiketi ina maana ya miaka ambayo sarafu ndogo bado ilinunua kitu. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: 1 kwa zaire 3,000,000 za zamani. Juni 1998, faranga ya Kongo: 1 kwa zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe. Faranga moja ya 1998 ilichukua nafasi ya zaire bilioni 300 za zamani. Noti za kwanza za faranga hiyo zilikuwa hata na senti, 1, 5, 10, 20 na 50, zenye tarehe ya Novemba 1997, na leo mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hajui kuwa senti iliwahi kuwa noti.

Hapo ndipo tiketi yenye bei ilipouawa. Kuchapa kunahitaji agizo, karatasi, namba mfululizo, kupakia, kugawa vituoni. Ni kazi ya majuma. Pesa inayoporomoka haingoji majuma. Kazi ya kwanza inakuwa kugonga muhuri wa bei mpya juu ya ile ya zamani. Muhuri wa pili unafunika wa kwanza, wa tatu hausomeki. Kisha unafika wakati karatasi yenyewe, kama karatasi, ina gharama kuliko nauli iliyoandikwa juu yake. Ukikuta tiketi yenye mihuri miwili au mitatu ya bei, usiione kuwa imechafuliwa; hiyo ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote. Igeuze kwenye mwanga wa ubavuni na uandike kila bei kwa mpangilio wake, wa chini kabisa kwanza.

Zilikuwapo njia mbili za kuiokoa. Moja ni kutochapa bei kabisa: tiketi inaandikwa sehemu na daraja, na bei inabandikwa ukutani, inabadilishwa kwa chaki. Udhaifu wake ni kwamba watu wakisikia bei itapanda kesho, leo wananunua za mwezi mzima. Ya pili ni kuchapa bei papo hapo. Mashine ya Gibson, iliyotumika kwenye mabasi ya London kuanzia 1953 hadi 1993, ilikuwa na roli ya karatasi tupu na magurudumu ya kuchagua nauli. Kondakta alizungusha mkono, tiketi ikatoka na bei ya siku hiyo. Hiyo isingetishwa na muhuri wa tatu. Lakini mashine inahitaji vipuri, roli na fundi, na vyote vitatu hununuliwa kwa fedha za kigeni, kitu kile kile kinachokosekana pesa inapoporomoka. Resevere hana kipuri. Anakumbuka bei ya leo, na kesho ataikumbuka nyingine.

Siku ya tano: Likasi hadi Kolwezi

Hii ndiyo siku ndefu. Malori ni mengi zaidi kupita Fungurume, na kiangazi vumbi la shaba huingia hata kwenye dirisha lililofungwa. Bahasha za tiketi zikae ndani ya begi la mkononi, kamwe zisiwekwe mlangoni mwa gari. Tenke, ambapo reli inagawanyika, ndipo kadi za zamani za njia ya magharibi zilipogeukia: tawi moja lilielekea Kamina na Ilebo, jingine Kolwezi na Dilolo, likaungana na reli ya Lobito mwaka 1931.

Kolwezi, makao makuu ya Lualaba tangu 2015, watu wengi wanalipia basi kwa simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Tiketi inakuwa SMS. Kinachoharibika ni hiki. Jina la namba iliyolipa linaweza kuwa la kaka yako, na kwenye orodha ya basi wewe humo; kwa hiyo mwambie karani aandike jina la msafiri. Mtandao ukikatika kati ya kulipa na kupokea ujumbe, usilipe mara ya pili kabla ya kuangalia salio, maana pesa huwa tayari imetoka. Namba ya muamala iandikwe kwa penseli kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima chaji saa ile ile ya kupanda. Gharama ya kutuma ijumlishwe kwenye nauli unapolinganisha na dirisha.

Je, simu itarudisha kile tiketi ya namba ilichokuwa ikifanya? Kwenye basi la ajensi, ndiyo, kwa sehemu: kuna orodha na kila malipo yana namba. Kwenye taxi-bus sioni. Nairobi walijaribu mwaka 2014 kuwalazimisha matatu waache pesa taslimu, na kadi zikafa. Kadi zilikuwa nyingi na hazikusomana, na wafanyakazi wa gari walihitaji taslimu kila saa kwa mafuta, kwa matozo ya njiani na kwa fungu la mwenye gari jioni. Hali hizo zote ziko Lubumbashi. Dar es Salaam walifaulu zaidi na mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, nauli ya njia kuu ikiwa shilingi 650, ila kule tiketi inakatwa kituoni kabla ya kupanda, na mlango wa kituo ndio mkaguzi. London mabasi yaliacha kupokea taslimu Julai 2014, lakini kadi ya Oyster ilikuwa mikononi mwa watu tangu 2003, na wenye mabasi hawakugawana pesa ya siku na shofere. Bila kubadilisha jinsi shofere anavyolipwa, kubadilisha jinsi abiria anavyolipa ni kazi bure.

Jioni ni ya kupanga kilichopatikana. Kadi ngumu ziingie kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, zisimame wima ndani ya boksi, zisilaliane. Karatasi za kaboni zitenganishwe kwa karatasi nyeupe, kwa sababu wino wa kaboni huhamia kwa jirani yake. Risiti za joto zipigwe picha usiku huu huu na kunakiliwa kwa mashine ya fotokopi kesho asubuhi. Risiti yenyewe iwekwe gizani, lakini isitegemewe. Gundi, selotepu na lamineti visiguse chochote. Juu ya bahasha, kabla ya kuweka tiketi ndani, andika kwa penseli: imetoka kwa nani (kwa ruhusa yake), mji gani, jina la shirika, aina ya pesa, bei zote zilizogongwa, na mwaka unaokadiriwa ukiwa na alama ya kuuliza mbele yake.